Mashine ya kutafuta samaki Ziwa Kivu: dola 250 zitanunua ipi?

Swali: "Fundi, jambo. Mimi ni mama, nauza sambaza, wale samaki wadogo wa Kivu, hapa bandari ya Kituku, Goma. Nina mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa uvuvi wa usiku, na mtumbwi mmoja mdogo wenye injini ambao mtoto wa dada yangu anavulia tilapia mchana. Kijana wangu yuko Kampala na yuko tayari kunitumia mashine ya kuonyesha samaki yenye GPS. Amenipa majina: Garmin Striker 4, Garmin Striker Vivid 4cv, PiranhaMAX 4 ya Humminbird, na kile kimpira cha Deeper kinachofanya kazi na simu. Muuzaji anamwambia atafute yenye nguvu zaidi, kwa kuwa Kivu ni ziwa refu kwenda chini. Nina dola 250, na zisizidi hapo. Nahodha wangu anasema taa inatosha, mashine ni kutupa pesa. Tena, hiyo GPS itawaonyesha vijana wangu mpaka wa Rwanda?"

Jambo mama. Nianze na huyo muuzaji wa Kampala, kwa sababu maneno yake ndiyo yatakayokula pesa yako bure. Ni kweli Kivu ina kina: mahali pa ndani kabisa panakaribia mita 485. Lakini samaki wako hawaishi huko. Kuanzia mita 60 au 70 kwenda chini, maji ya Kivu hayana oksijeni. Yamejaa methani, kaboni dioksidi na haidrojeni salfaidi, ambayo ni sumu. Hakuna sambaza, tilapia wala kambale anayeweza kupumua humo. Kutoka Kituku mpaka Bukavu, samaki wote wanaishi katika tabaka la juu la ziwa, na chini yao kuna mamia ya mita za maji matupu.

Na hizo mita 60 zenyewe si za mwaka mzima. Wakati wa kiangazi, kuanzia Juni, upepo unakoroga maji na oksijeni inashuka mpaka karibu mita 60. Mvua zikirudi maji yanatulia, na oksijeni inaweza kuishia mita 30 na kidogo. Ghuba ya Kabuno, upande wa Sake, ina hali yake peke yake: pale maji yenye gesi yamepanda mpaka mita kumi na kitu tu kutoka juu. Anayetafuta samaki kwenye mita 25 ndani ya Kabuno anachosha macho.

Kwa hiyo, mama, kina unachokilipia ni mita 70, basi. Watengenezaji wenyewe wanasema Striker 4 inasoma mpaka mita 488 kwenye maji yasiyo na chumvi, na Deeper PRO+, kile kimpira, mpaka mita 80. Zote mbili zinavuka mahitaji yako. Dola yoyote ya ziada kwa ajili ya nguvu ya kushuka chini zaidi itakuonyesha mahali ambapo hutashusha wavu maisha yako yote. Pesa yako iende kwenye kuona vizuri ndani ya hizo mita 70, na kwenye betri.

Sasa tupunguze orodha. PiranhaMAX 4 ni mashine nzuri kwa bei yake, lakini haina GPS, kwa hiyo tuiache. Deeper ni kifaa kizuri kwa mtu anayevua akiwa ukingoni au kwenye mtumbwi mdogo: unakifunga kwenye uzi, unakirusha majini, na picha inakuja kwenye simu. Lakini kwa kazi yako ya usiku sikipendekezi. Betri yake inaishi takriban saa sita, usiku wa sambaza ni mrefu zaidi ya hapo. Picha yote inategemea simu ya mtu mwenye mikono iliyolowa. Na kitu kidogo kinachoelea kati ya kamba, miti na wavu wa mitumbwi mitatu hakitamaliza mwezi bila kukatika.

Zinabaki Striker mbili. Striker 4 ina kioo kidogo cha inchi 3.5, inarekodi alama 5,000 za GPS, na sonda yake, yaani kile kipande cheusi kinachozama majini, inatuma sauti kwa masafa mawili, kilohezi 77 na 200. Vivid 4cv ina kioo kikubwa kidogo, rangi zinazoonekana vizuri zaidi juani, picha safi ya sakafu ya ziwa, na uwezo wa kuchora ramani ya vina kadiri mtumbwi unavyotembea. Hiyo ramani Striker 4 ya kawaida haina. Kwa Kivu jambo hilo ni kubwa, maana mashine hizi hazikuja na ramani yoyote ya ziwa letu.

Hata hivyo, kwa dola 250 zinazopaswa kununua kila kitu, ningekuambia chukua Striker 4. Marekani inauzwa kwa kati ya dola 100 na 150, wakati Vivid 4cv inakaribia 200. Kinachobaki kitanunua betri, kidhibiti cha chaji na paneli ndogo ya jua, na hivyo vitu si vya hiari. Nimeona mashine nzuri imelala kwenye kabati kwa sababu mwenye nayo alimaliza pesa kwenye kioo na hakubakiwa na ya betri. Kama kijana wako ataipata Vivid 4cv mpya kwa dola 30 au 40 tu zaidi ya Striker 4, hapo nitabadili neno: aichukue, na mtoto wa dada yako atakushukuru kwa ile ramani ya vina.

Nahodha wako amesema nusu ya ukweli, na ningependa umheshimu kwa hiyo nusu. Kwa sambaza, taa ndiyo inayokusanya samaki, na hakuna mashine itakayofanya kazi hiyo. Ila taa inavuta samaki walio karibu nayo tu. Mkiiwasha mahali ambapo hapana sambaza, mtakaa mpaka usiku wa manane mkiangaza maji. Ubishi wenu uko hapo: mashine inawaambia wapi pa kuwasha taa, na baada ya kuwasha inawaambia kama kundi limepanda au bado.

Mwambie ajaribu hivi. Jua likikaribia kuzama, kabla ya kufunga mitumbwi pamoja, mtumbwi wenye injini utembee polepole ukikata maji kutoka ukingoni kwenda ndani, mashine ikiwa imewashwa. Mchana sambaza wanakaa chini kwa makundi yaliyobanana. Jua likizama wanaanza kupanda na kutawanyika, wakifuata vijidudu vya majini wanavyokula. Saa hiyo ya jioni ndiyo nzuri kuliko zote kwa kuwaona, kwa sababu kundi bado limeshikana. Likionekana, bonyeza kitufe cha kuweka alama. Endelea mbele, tafuta la pili, weka alama. Halafu nahodha achague kati ya alama mbili au tatu kwa ujuzi wake wa upepo na ukungu. Ujuzi huo mashine haina.

Taa zikishawaka, sonda ikae kwenye mtumbwi wa pembeni, si juu ya wavu moja kwa moja. Kamba, mawe ya uzito na wavu wenyewe vyote vinarudisha mwangwi, na mtu asiyezoea ataviita samaki.

Hapa nitakawia kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanakata tamaa na mashine zao Kivu. Ukiiwasha, itakuwa kwenye hali ya kujipangia yenyewe. Itaanza kutafuta sakafu. Karibu na ukingo itaipata. Mkifika ndani, sakafu iko mita 300 au 400 chini, na mashine itajitahidi kuifikia: itapanga kioo kizima kuanzia sifuri mpaka karibu mita 500. Fikiria sasa: kioo chenye urefu wa sentimita saba hivi kinaonyesha mita 480, na samaki wote wako ndani ya mita 60 za juu. Wamebanwa kwenye sehemu moja ya nane ya kioo, chini ya sentimita moja. Kundi zima la sambaza linakuwa doa linaloweza kufunikwa na ukucha. Mtu anaangalia, haoni kitu, anasema mashine ni mbovu.

Dawa yake ni rahisi. Ingia kwenye menyu, toa hali ya kujipangia, panga kina kwa mkono: sifuri mpaka mita 70 wakati wa kiangazi, sifuri mpaka 40 wakati wa mvua, na ndani ya Kabuno sifuri mpaka 15. Namba ya kina itaanza kuwaka na kuzima kwa sababu haijaona sakafu, iacheni iwake. Sakafu haiwahusu. Kuna faida nyingine hapo: sauti inasafiri majini takriban mita 1,490 kwa sekunde, kwa hiyo mashine inayosubiri mwangwi wa mita 70 inatuma sauti mara nyingi zaidi kuliko inayosubiri wa mita 500, na picha inakuwa nzito na safi.

Menyu hizo zinapatikana kwa Kifaransa. Kijana wako aipange lugha hukohuko Kampala kabla ya kuituma, ili vijana wa mtumbwini wasome neno "profondeur" waliolizoea tangu shuleni.

Jambo la pili kwenye menyu: zimeni vile vipicha vya samaki. Mashine ina hali inayogeuza kila mwangwi kuwa kasamaki kadogo kwenye kioo. Inapendeza, na inadanganya. Mapovu, jani linaloelea, ukingo wa kundi la vijidudu, vyote vitakuwa kasamaki. Kwa sambaza ni mbaya zaidi, maana mashine haiwezi kumtenga sambaza mmoja mmoja. Kundi lote ni mwangwi mmoja. Ukizima vipicha utaona kitu chenyewe: wingu. Lina kiini chenye rangi kali na pembeni limefifia, limeinama kidogo upande mmoja au limenyooka kwenda juu. Hilo wingu ndilo mzigo wako wa asubuhi. Utando mwepesi usio na kiini, uliotandazwa kwenye kina kimoja bila kukatika, mara nyingi ni vijidudu tu. Bado ni habari njema, kwa sababu sambaza wanakula hapo, ila msishushe wavu kwa ajili ya utando peke yake.

Samaki mkubwa anayepita peke yake, kambale kwa mfano, anachora upinde. Sababu ni kwamba sauti inatoka kwenye sonda kama mwanga wa tochi, nyembamba juu na pana chini. Samaki akiingia pembeni mwa mwanga huo yuko mbali kidogo na sonda, akifika katikati yuko karibu, akitoka anakuwa mbali tena. Mashine inaandika umbali huo na unapata upinde. Mtumbwi ukisimama na samaki akisimama, unapata mstari mrefu, hata kama ni samaki yuleyule mmoja. Wafundishe vijana jambo hili mapema: upande wa kulia wa kioo ni sasa hivi, na kila kilicho kushoto kimeshapita. Kioo hakionyeshi kilicho mbele ya mtumbwi.

Upana wa ule mwanga nao una maana kwenye uchaguzi wa masafa. Kilohezi 200 zinatoa mwanga mwembamba wa nyuzi 15: kwenye kina cha mita 40 unaona duara la mita kumi na nusu hivi. Kilohezi 77 zinatoa nyuzi 45, na kwenye kina hichohicho duara ni mita 33. Jioni mnapotafuta kundi, tumieni 77, maana mnaona eneo kubwa. Mkishasimama na taa, badilisheni kwenda 200 ili mjue kundi liko wapi hasa chini ya mitumbwi.

Kwa mtoto wa dada yako na tilapia zake mambo ni tofauti kabisa. Yeye yuko kwenye maji ya mita mbili au tatu, karibu na matete na midomo ya mito midogo. Kwenye mita tatu, ule mwanga mwembamba unaona duara la sentimita 80 tu, na tilapia akisikia injini ameshakimbia. Asitegemee kumwona samaki. Kwake yeye kazi yote iko kwenye GPS na kwenye kusoma sakafu: wapi mawe yanaishia na matope yanaanza, wapi ukingo unakatika ghafla. Akipata samaki mahali, aweke alama na jina, arudi wiki nyingine saa ileile. Baada ya miezi michache atakuwa na daftari la ukingo mzima kutoka Nzulo mpaka anapofika, ndani ya kifaa kinachoenea kiganjani.

Ajue pia kwamba kingo za Kivu zina mteremko mkali, hasa upande wetu wenye mawe ya volkano. Juu ya mteremko, mwanga wa sauti unagusa kwanza sehemu ya sakafu iliyo karibu, na mashine inaandika hiyo kuwa kina. Samaki aliyelala chini zaidi kwenye mteremko huohuo anafichwa. Dawa yake ni kukata mteremko kwa mstari ulionyooka kutoka ukingoni kwenda ndani, badala ya kuufuata kwa urefu.

Nikiwa bado ukingoni, naomba neno moja mama, na nalisema kwa kuwa biashara hii ni yako. Sambaza wanazaa karibu na ukingo, na wadogo wao wanakulia hapohapo. Mashine itawaonyesha makundi mazuri kabisa kwenye maji ya kina kifupi, na kishawishi kitakuwa kikubwa. Yakionekana kwenye kina kifupi namna hiyo, wekeni alama ya kutovua. Huyu samaki aliletwa kutoka Tanganyika kati ya 1958 na 1960, na leo miji miwili inakula kwa ajili yake. Wavu wa chandarua kwenye maji ya watoto unamaliza kesho yako wewe mwenyewe.

Sasa betri. Striker 4 inatumia umeme wa volti 12 na inakula kama robo ampea. Betri ndogo iliyofungwa ya volti 12, ampea-saa 7, ile inayotumika kwenye vifaa vya kutunza umeme wa kompyuta, inatosha: ukitumia nusu yake tu ili isife haraka, una saa 14. Ya pikipiki nayo inafaa kama haivuji. Ninachokuomba ni iwe betri yake peke yake. Msiunganishe mashine kwenye betri ya taa. Taa za LED za bei nafuu zinatoa kelele ya umeme, na hiyo kelele inaonekana kwenye kioo kama mvua ya vidoti na mistari ya wima. Vijana wataona samaki kila mahali, na hakuna samaki. Ukiona mistari hiyo, zimeni taa kwa dakika moja mwangalie. Ikipotea, mmeshampata adui. Pitisheni nyaya za mashine upande mmoja na za taa upande mwingine.

Wekeni fyuzi ya ampea 3 kwenye waya mwekundu. Na kama kuna mtu ameunganisha betri mbili kupata volti 24 kwa kazi nyingine, asiguse waya wa mashine hii. Inaweza kuungua.

Kufunga sonda: mbao haipitishi sauti vizuri, kwa hiyo msiibandike ndani ya mtumbwi mkitumaini itaona kupitia sakafu. Wala msitoboe. Chukua mti ulionyooka au bomba la plastiki, funga sonda kwenye ncha kwa skrubu za chuma kisichoota kutu, kisha bana mti kwenye ubavu wa mtumbwi ili sonda izame sentimita 10 hivi na uso wake utazame chini sawasawa. Kwenye mtumbwi wenye injini iwe mbali na pangaboi, maana mapovu yanafunika kila kitu. Mti huo una faida nyingine: asubuhi mnaufungua, mnaondoka nao nyumbani. Kitu kilichopigiliwa misumari kwenye mtumbwi uliolala Kituku usiku hakina mwenyewe.

Nije kwenye mpaka, swali ambalo naona ndilo zito kuliko yote uliyouliza. Jibu ni hapana: Striker 4 haitawaonyesha mpaka. GPS yake ni ya msingi. Inaonyesha mtumbwi, njia mliyopita na alama mlizoweka, juu ya kioo kisicho na ramani. Inakosea kwa mita chache tu, tatu mpaka tano pakiwa na anga wazi, ila haijui Kongo ni wapi na Rwanda ni wapi. Na unajua wavuvi wa pande zote mbili wanavyokamatwa, nyavu na injini zikibaki kwa waliowakamata.

Kuna njia. Simu ya kawaida yenye GPS, ikiwekewa programu ya ramani isiyohitaji intaneti, kama Organic Maps au OsmAnd, inaonyesha mstari wa mpaka juu ya ziwa hata mahali ambapo hakuna mtandao. Pakueni ramani ya Kongo na ya Rwanda mkiwa mjini penye mtandao mzuri. Kisha nahodha na kijana mmoja wakae na simu hiyo, wachague pointi nane au kumi ziko ndani ya Kongo, angalau kilomita moja kutoka kwenye mstari, na waziingize kwenye Striker kwa mkono, zote kwa jina moja: MPAKA 1, MPAKA 2, na kuendelea. Mstari wa simu hautawatetea mbele ya doria, ndiyo maana nimesema kilomita moja. Usiku, upepo ukiwasukuma huku mmefunga mitumbwi mitatu na hamwezi kupiga kasia haraka, hiyo kilomita inakwisha mapema. Mtu mmoja awe na kazi ya kutazama kioo kila baada ya muda.

Wakati wa kuingiza pointi, angalieni namna ya kuandika namba. Goma iko karibu na nyuzi 1 dakika 41 kusini, nyuzi 29 dakika 13 mashariki. Simu nyingi zinaandika hilo kwa desimali: -1.683 na 29.217, ile alama ya kutoa ikiwa na maana ya kusini. Mtu akichukua dakika 41 akaziandika 1.41 kwenye mashine iliyopangwa kwa desimali, amehamisha Goma kilomita 30 kaskazini, kule kwenye volkano ya Nyamulagira. Pangeni simu na mashine zitumie namna moja, halafu mjaribu kwa kuweka alama mkiwa mmesimama bandarini Kituku: vifaa vyote viwili vikubaliane kabla hamjaingia majini.

Na kwa hali ya sasa ya usalama, kifaa chenye GPS mkononi mwa kijana usiku kinaweza kuulizwa maswali. Weka risiti, mwonyeshe mkuu wa bandari na viongozi wa chama chenu cha wavuvi kabla ya usiku wa kwanza, ili pasiwe na mtu wa kushtuka.

Usiku wenyewe si wa kujifunzia. Siku za mwezi mpevu, mitumbwi ikiwa imelala kwa sababu taa haivuti, ndizo siku zenu. Vijana watoke mchana na mashine, wapite juu ya mawe wanayoyajua, wasome kioo wakilinganisha na kile wanachokijua tayari kwa kamba na jiwe. Mvuvi aliyekua Kivu anaelewa kioo haraka akianzia mahali anapopajua.

Kwa kijana wako Kampala, mwambie haya. Ahakikishe kwenye boksi kuna mashine na sonda yake, maana zipo zinazouzwa bila sonda, na sonda peke yake ni ghali. Akitaka kuijaribu dukani, muuzaji atamwonyesha samaki wakubwa wakipita kwenye kioo: hiyo ni hali ya maonyesho, ipo ndani ya mashine, na itaonyesha samaki hata sonda ikiwa imekufa. Amwambie atoke kwenye hali hiyo. Kisha aweke sonda sikioni mashine ikiwa imewashwa. Nzima inatoa mlio mdogo wa tik-tik. Kama ni ya mtumba, akague pini za plagi moja moja, na waya wa sonda wote kwa vidole kutoka mwanzo mpaka mwisho. Waya uliokatwa na kuungwa kwa gundi asiukubali kwa bei yoyote. Apeleke mashine nje, mahali pa wazi, asubiri dakika chache: ikishindwa kupata satelaiti chini ya anga safi, airudishe hapohapo.

Na akibakiwa na chenji, mama, asiongeze inchi ya kioo. Oktoba 2024 boti Merdi ilitoka Minova ikazama hapa Kituku, watu wakiwa wameshaiona bandari, na wengi hawakufika nchi kavu. Anunue jaketi za kuokolea maisha, idadi sawa na watu wanaopanda mitumbwi yako usiku. Kama pesa haitoshi vyote viwili, jaketi zitangulie, mashine ije mwezi ujao. Ukishaipata na ikakusumbua kwenye zile mita 70, niandikie tena, na umwambie kijana apige picha ya kioo chenyewe pamoja na ukurasa wa menyu.